Hodi Mlangoni mwa Ruta: Ukuta wa Kinga na Uelekezaji wa Milango Katika Mtandao wa Nyumbani

Utangulizi

Mwaka wa 2009 nyaya za mawasiliano za TEAMS na SEACOM, zilizopitishwa chini ya bahari, zilifika Mombasa. Tangu hapo intaneti ya kasi imeingia katika nyumba nyingi nchini Kenya, na pamoja nayo kimeingia kijisanduku kiitwacho ruta. Wengi wa wenye nyumba hukijua kijisanduku hicho kwa jambo moja tu, nalo ni nywila ya waifai. Kurasa zake za ndani, zenye maneno kama 'Firewall', 'NAT' na 'Port Forwarding', huachiwa fundi aliyekuja kukifunga. Fundi akishaondoka, aghalabu hapana aliyebaki nyumbani anayejua ni mlango upi ulioachwa wazi na upi uliofungwa.

Chukua mfano wa mtafiti wa fasihi simulizi anayeishi Nairobi. Mtafiti huyo amewarekodi wazee wa Lamu kwa miezi kadhaa, na faili zote za sauti zimo katika tarakilishi iliyo nyumbani kwake. Anaporejea Lamu kwa awamu ya pili ya utafiti, anatamani kuzisikiliza faili hizo akiwa huko huko. Rafiki anamshauri afungue mlango kwenye ruta yake. Ushauri huo ni sahihi na waweza kutekelezwa kwa dakika chache. Hata hivyo, kuna swali linalopaswa kutangulia: mlango huo ukifunguka kwa mtafiti, unafunguka kwa nani mwingine?

Makala haya yananuia kulijibu swali hilo. Yanaeleza jinsi ruta inavyolinda mtandao wa nyumbani, maana ya kuelekeza mlango, na madhara yanayoweza kufuata pale jambo hilo linapofanywa pasi na kueleweka. Hoja yake kuu ni kwamba kila mlango unaofunguliwa kwenye ruta hufunguliwa kwa ulimwengu mzima, na kwa hiyo usifunguliwe kabla ya kujulikana nani atakayeulinda.

Suala la Istilahi

Kabla ya kuingia katika utendakazi wa ruta, yafaa istilahi mbili zitazamwe, kwa sababu tafsiri mbaya huzaa uelewa mbaya.

Istilahi ya kwanza ni 'firewall'. Wako wanaoitafsiri kuwa 'ukuta wa moto'. Katika Kiswahili, hata hivyo, 'maji ya moto' ni maji yaliyochemka na 'chai ya moto' ni chai isiyopoa. Kwa mantiki hiyo, 'ukuta wa moto' ni ukuta unaounguza au ukuta unaowaka. Maana asilia katika Kiingereza ni kinyume chake: ni ukuta unaojengwa kati ya majengo, au kati ya sehemu za jengo moja, ili moto ukizuka upande huu usivuke upande wa pili. Kazi ya ukuta huo ni kukinga. Kwa sababu hiyo makala haya yanatumia 'ukuta wa kinga'.

Istilahi ya pili ni 'port'. Mwenye kamusi mkononi huenda akakimbilia neno 'bandari', neno ambalo Kiswahili kililipata kutoka Kiajemi. Kosa hili lina asili yake. Kilatini kilikuwa na maneno mawili yenye udugu: 'portus', yaani bandari, na 'porta', yaani lango. Kiingereza kiliyapokea yote mawili na kuyapa umbo moja. Katika taaluma ya mitandao maana inayohusika ni ile ya lango au mlango. Tofauti hii ina uzito. Bandari huwepo ili meli zije. Mlango huwepo ili ufungwe na ufunguliwe kwa hiari ya mwenyeji. Anayeambiwa kuwa ruta yake ina bandari 65,536 huenda akaona fahari. Anayeambiwa kuwa nyumba yake ina milango 65,536 atauliza mara moja kama yote imefungwa. Swali hilo la pili ndilo linalotakiwa.

Milango hii si matundu yanayoonekana kwa macho. Ni nambari tu, kuanzia 0 hadi 65,535, zinazoambatishwa na kila pakiti ya data ili ijulikane ni programu gani inayotafutwa ndani ya chombo kinachopokea. Kwa desturi, mlango wa 443 ni wa kurasa za wavuti zilizofichwa kwa usimbaji, mlango wa 25 ni wa kupokezana barua pepe baina ya seva, na mlango wa 22 ni wa kuiendesha tarakilishi kutoka mbali. Anwani humfikisha mgeni kwenye nyumba, nao mlango humfikisha kwa mwenyeji anayemtaka.

Ruta Ikiwa Mfasiri

Anwani za intaneti za toleo la nne, ambazo zingali zinatumika sana, ni 4,294,967,296 tu. Idadi hiyo haitoshelezi vifaa vya walimwengu wote, na mnamo Februari 2011 hazina kuu ya anwani hizo ilimaliza kugawa mafungu yake ya mwisho kwa kanda za dunia. Dawa ya uhaba huo ilikuwa imekwisha kupatikana mapema. Mwaka wa 1994 mafungu matatu ya anwani yalitengwa kwa matumizi ya ndani ya majumba na ofisi, likiwemo lile linaloanza kwa 192.168. Anwani hizo zaweza kurudiwa katika kila nyumba kwa sababu hazitambuliwi barabarani, yaani katika intaneti ya umma.

Hapa ndipo ruta inapofanya kazi ambayo wanafunzi wa lugha wataitambua upesi, kazi ya tafsiri. Chukulia kwamba tarakilishi ya mtafiti ina anwani ya ndani ya 192.168.1.20, ilhali ruta imepewa na mtoa huduma anwani moja ya umma. Tarakilishi inapoomba ukurasa wa wavuti, ruta huifuta ile anwani ya ndani katika pakiti, huandika anwani yake yenyewe, huipa pakiti nambari ya mlango, tuseme 50112, kisha huweka kumbukumbu katika jedwali: 'Jibu litakalokuja kwenye mlango wa 50112 ni la 192.168.1.20.' Jibu linapowasili, ruta hulitazama jedwali hilo kama msomaji anavyoitazama faharasa, na kulipeleka panapohusika. Utaratibu huu ndio unaoitwa utafsiri wa anwani, na ndio unaofichwa nyuma ya herufi NAT.

Matokeo yake ni ya kuvutia. Pakiti inayokuja kutoka nje bila kuitwa haina mstari wowote unaoihusu katika jedwali. Ruta haijui impelekee nani, kwa hiyo huitupa. Kwa namna hii utafsiri wa anwani huizuia nyumba na wageni wasioalikwa, ingawa haukubuniwa kwa ajili ya ulinzi. Kinga hiyo imetokea tu, mithili ya mtu kukosa kupatikana kwa sababu hakuna anayejua chumba anacholala. Ulinzi wa makusudi ni kazi ya ukuta wa kinga.

Ukuta wa Kinga: Hodi na Majibu Yake

Ukuta wa kinga ni orodha ya kanuni. Kila kanuni hutaja pakiti inatoka wapi, inakwenda wapi, kwa mlango gani na kwa itifaki ipi, kisha huamua itendewe nini. Katika ruta nyingi orodha hiyo husomwa kutoka juu kwenda chini, na kanuni ya kwanza inayolingana na pakiti ndiyo inayotekelezwa. Kwa hiyo kanuni pana inayoruhusu kila kitu, ikiwekwa juu, huzifanya zote zilizo chini yake kuwa maandishi yasiyo na kazi.

Adabu ya hodi yatosha kueleza maamuzi yanayowezekana. Mgeni hupiga hodi. Mwenyeji aweza kujibu 'Karibu', nayo pakiti ikapita. Aweza kujibu 'Hatupokei wageni', nayo pakiti ikarudishwa kwa kukataliwa. Pia aweza kunyamaza kimya, na aliye nje asijue kama nyumba ina watu au ni gofu. Ruta nyingi za nyumbani huchagua kimya, kwa kuwa hata neno la kukataa humpasha mpiga hodi habari kwamba kuna mtu ndani.

Kuta nyingi za siku hizi huweka pia kumbukumbu ya mazungumzo. Mtoto aliyetumwa dukani haulizwi jina lake anaporudi. Alionekana akitoka, na kurudi kwake kunatarajiwa. Vivyo hivyo, mawasiliano yaliyoanzishwa kutoka ndani huruhusiwa kupata majibu yake, ilhali yanayoanzishwa kutoka nje huzuiwa. Kanuni hii moja ndiyo msingi wa usalama wa mtandao wa nyumbani.

Nyumba za kale za mawe za Lamu zilijengwa kwa hekima iliyo karibu na hiyo. Mgeni alipokewa kwanza katika daka, kibaraza chenye viti vya mawe mlangoni, na njia ya kuingilia ilipindwa ili aliye barabarani asione maisha ya ndani. Mgeni wa kulala alikuwa na chumba chake mbali na makao ya familia. Ruta nyingi nazo zina mtandao wa wageni, ambao vifaa vyake hufika kwenye intaneti bila kuzifikia tarakilishi za wenyeji. Humo ndimo panapofaa kuwekwa si simu za wageni tu, bali pia televisheni na vifaa vingine ambavyo mwenye nyumba hana hakika navyo.

Ukuta huu una upungufu wake. Kwa kawaida haumzuii anayetoka. Programu hasidi iliyoingia kupitia kiambatisho cha barua pepe, au kupitia diski ya kuazima, huzungumza na bwana wake aliye nje bila kizuizi, maana mazungumzo yameanzia ndani. Wahenga walikwisha kusema kwamba kikulacho ki nguoni mwako.

Kuelekeza Mlango

Sasa yawezekana kueleza alichoshauriwa mtafiti. Kuelekeza mlango ni kuandika katika ruta kanuni ya kudumu inayosema: 'Pakiti yoyote itakayokuja kutoka nje kwenye mlango fulani, hata kama haikuitwa, ipelekwe kwenye chombo fulani cha ndani.' Ni kauli ya 'Karibu' iliyotolewa kabla hodi haijapigwa.

Kazi yenyewe hufuata hatua chache. Kwanza, mwenye nyumba huingia katika kurasa za ruta kwa kivinjari, mara nyingi kwa anwani ya 192.168.1.1 au 192.168.0.1, na kubadilisha nywila ya usimamizi iliyokuja na ruta kiwandani. Nywila hii ni tofauti na ile ya waifai. Pili, humtengea mlengwa anwani isiyobadilika, kwa kuwa ruta hugawa anwani za ndani kwa muda tu. Tarakilishi iliyokuwa 192.168.1.20 leo yaweza kuwa 192.168.1.35 wiki ijayo, na mlango ukabaki ukielekea kwenye chombo kingine kabisa. Tatu, huandika kanuni yenyewe, akitaja mlango wa nje, anwani ya ndani, mlango wa ndani na itifaki, yaani TCP au UDP. Nne, huijaribu kanuni akiwa nje ya nyumba, kwa mfano kwa kutumia data ya simu ya rununu. Jaribio linalofanywa kutoka ndani laweza kudanganya, kwani baadhi ya ruta hazimruhusu aliye ndani kujipitia kwa nje. Tano, haja ikiisha, huifuta kanuni. Hatua hii ya mwisho ndiyo inayosahauliwa zaidi.

Katika kurasa hizo hizo kuna vishawishi viwili. Cha kwanza huitwa 'DMZ'. Katika ruta nyingi za nyumbani, chaguo hili hupeleka kwa chombo kimoja kila pakiti isiyo na mwenyewe. Huko si kufungua mlango mmoja, ni kung'oa milango yote ya chumba. Cha pili huitwa 'UPnP', nacho huruhusu kifaa chochote kilichomo ndani kuiagiza ruta imfungulie mlango bila kumwuliza mwenye nyumba. Michezo ya tarakilishi hunufaika nacho, lakini kamera duni au programu hasidi hunufaika vilevile. Asiyekihitaji akizime.

Yaliyotokea Mwaka wa 2016

Huenda msomaji akauliza: nani atakayeijua nyumba moja kati ya mamilioni? Swali hili lilikwisha kujibiwa. Mwaka wa 2013 watafiti wa Chuo Kikuu cha Michigan walitoa programu iitwayo ZMap, wakaonyesha kwamba tarakilishi moja yenye mtandao wa kasi yaweza kubisha mlango mmoja katika anwani zote za umma za toleo la nne kwa muda usiozidi dakika 45. Anayebisha hahitaji kumjua mwenye nyumba. Hubisha kote, kisha hurudi palipoitikiwa. Ndiyo maana kubadilisha nambari ya mlango wa nje, kwa mfano kutoka 22 hadi 2222, hupunguza kelele tu na hakuleti usalama wa kutegemewa.

Mwaka wa 2016 programu hasidi iliyoitwa Mirai ilitumia njia hiyo ya kubisha kila mahali. Ilitafuta kamera, vinasa video na ruta ambazo mlango wa 23 au 2323 ulikuwa wazi kwa intaneti, kisha ikajaribu orodha fupi ya majina na nywila za kiwandani, takribani jozi 60. Orodha hiyo fupi ilitosha kuteka mamia ya maelfu ya vifaa. Mnamo tarehe 21 Oktoba 2016 jeshi la vifaa vilivyotekwa liliishambulia Dyn, kampuni ya Marekani iliyokuwa ikihudumia majina ya tovuti, na huduma kubwa kama Twitter na Netflix zikawa hazipatikani kwa saa kadhaa kwa watu wengi.

Katika tukio hilo mna funzo la kutisha. Wenye kamera hizo hawakuibiwa chochote walichokiona. Kamera ziliendelea kuonyesha picha na ruta ziliendelea kutoa waifai. Walikuwa wamegeuzwa washambulizi wa watu wasiowajua, nao hawana habari. Mlango ulioachwa wazi nyumbani kwa mtu mmoja ukawa dhara kwa majirani wa mbali.

Kwa mtafiti wa Lamu kuna dhara jingine lililo karibu zaidi. Wazee waliorekodiwa walimwamini kwa sauti zao, majina yao na pengine siri za koo zao. Sheria ya Kulinda Data ya mwaka wa 2019 nchini Kenya inamtaka anayehifadhi taarifa za watu azilinde ipasavyo, lakini hata bila sheria, amana ni amana. Faili hizo zikisambazwa na mvamizi, hakuna ruta itakayozirudisha.

Mlango Usiofunguka na Njia Mbadala

Wako wanaofuata hatua zote na bado mlango haufunguki. Sababu yaweza kuwa kwa mtoa huduma. Kwa kuwa anwani za umma ni haba, baadhi ya watoa huduma huwapa wateja wengi anwani moja ya pamoja, na tafsiri ya anwani hufanyika mara mbili. Mwaka wa 2012 fungu la kuanzia 100.64.0.0 hadi 100.127.255.255 lilitengwa mahususi kwa utaratibu huo. Ikiwa ukurasa wa hali ya ruta unaonyesha anwani ya nje iliyomo katika fungu hilo, au inayoanza kwa 10, basi nyumba hiyo ni kama chumba katika jengo la ghorofa. Mpangaji aweza kufungua mlango wa chumba chake, lakini lango kuu lina askari wake. Hapo hakuna kanuni ya nyumbani itakayosaidia, ila kuomba anwani ya umma kwa mtoa huduma.

Toleo la sita la anwani limeondoa uhaba huo, kwani kila kifaa chaweza kuwa na anwani yake ya umma. Pamoja na neema hiyo, ile kinga iliyotokana na tafsiri huondoka, na ukuta wa kinga hubaki peke yake. Ruta yenye toleo hilo ikaguliwe ili ijulikane kwamba ukuta wake umewashwa kwa matoleo yote mawili.

Kwa mahitaji mengi, ipo njia salama kuliko kuelekeza mlango wa kila huduma. Njia hiyo ni handaki la faragha, yaani VPN, ambapo mlango mmoja tu hufunguliwa na anayepita ni mwenye ufunguo wa kidijitali pekee. Programu ya WireGuard, kwa mfano, kwa kawaida hutumia mlango wa 51820 wa UDP, na humnyamazia kabisa mpiga hodi asiye na ufunguo. Mtafiti akishaingia kwa handaki hilo, huzifikia faili zake kana kwamba ameketi nyumbani. Aidha, asidharau njia nyepesi kuliko zote: kunakili faili katika diski iliyofungwa kwa usimbaji na kusafiri nayo. Mlango usiohitajika ni bora usifunguliwe.

Hitimisho

Imebainika kwamba ruta ni mfasiri na bawabu kwa pamoja. Kama mfasiri, huunganisha anwani za ndani na intaneti ya umma. Kama bawabu, huwapokea walioitwa na kuwanyamazia wengine. Kuelekeza mlango ni kumwamuru bawabu huyo asimwulize mtu. Amri hiyo yaweza kuwa ya lazima, lakini itolewe kwa chombo kinachojulikana, chenye nywila imara na programu iliyosasishwa, na ifutwe shughuli inapokwisha.

Imebainika pia kwamba istilahi ni sehemu ya ulinzi. Mwenye nyumba anayesoma 'ukuta wa kinga' na 'mlango' anaielewa hatari kwa lugha aliyolelewa nayo, na aweza kumwuliza fundi swali la maana kabla hajaondoka: 'Umefungua milango gani, na kwa nini?' Wanafunzi wa Kiswahili wana wajibu hapa, maana kazi ya kuwapa watu maneno ya kuulizia haiwezi kuachiwa mafundi peke yao. Usipoziba ufa, utajenga ukuta. Na katika mtandao wa nyumbani, ufa mara nyingi ni mlango ambao hakuna anayekumbuka ulifunguliwa lini.